Mtoto Aliyekataa Kutaja Jina Lake

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya jua kali kule Garissa, nilipomuuliza mtoto jina lake naye akanitazama tu.

Umenisomea kitabu chako cha saikolojia tangu chai iandaliwe: binadamu hurithi nini, hulelewaje, huficha nini moyoni tangu utotoni. Kisha ukasema sasa ukimtazama mtoto unamjua. Hebu kifunge kidogo. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa maringo kuliko wewe.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, msichana wa Kitui, nikapangiwa shule ya mabati katika kijiji kilichozungushiwa waya nje ya mji. Wafugaji walikuwa wamekusanywa humo kwa amri ya serikali. Kuingia ni kwa ruhusa ya askari, kutoka vilevile. Ngamia wao walikuwa wamechukuliwa, wengine wamepigwa risasi, na watu waliozoea maziwa sasa walingoja posho ya unga. Shuleni tulipika uji mchana. Kwa watoto wengi hicho ndicho chakula cha siku nzima.

Yule mtoto alikuwa Halima. Aliletwa na nyanya yake, kikongwe mrefu aliyejifunga shuka nyeusi. Mama yake alikuwa amefariki, na baba hakuwapo, wala hakuna aliyesema yuko wapi. Jina nililipata kwa watoto wenzake, kwa maana Halima hakunijibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Aliandika, alijumlisha hesabu, alikunywa uji wake. Kinywa hakikufunguka kwa neno.

Basi tukaanza kumjua, sisi wasomi. Mwalimu mkuu alisema ni damu: bubu huzaa bubu, mbegu haibadiliki. Tabibu wa zahanati, kijana mpole, alisema mtoto ameona ngamia wakiuawa na hofu imejizika ndani, kwa hiyo achoreshwe picha mpaka itoke. Mimi nikasema ni malezi, kwamba hajazoea kusifiwa. Nikawa nampa karanga kila alipofungua mdomo hata kupiga mwayo. Loo, ujana! Tulibishana chumba cha walimu mpaka chai ikapoa, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika.

Mwishowe mwalimu mkuu alichoka. Akasema muhula ukiisha Halima hajasema, atatolewa, maana watoto wengine walikuwa wanangoja nafasi. Kutolewa maana yake ni kukosa uji. Nikakimbilia kwa nyanya yake nikamuuliza yote niliyofundishwa. Je, kuna bubu katika ukoo? Alizaliwaje? Huota nini? Bibi alinijibu kila swali kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, na macho yake yalikuwa kwa askari aliyesimama langoni. Nikarudi nimeudhika, nikamwona mjinga.

Kisha ikaja ile siku. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha. Nilikuwa naita majina, na nilipofika kwa Halima nikamruka kama kawaida. Akasimama mwenyewe. Akasema kwa sauti safi, bila kukwama: jina lake, jina la baba yake, la babu, la baba wa babu, akapanda hivyo hivyo kama watoto wa Kisomali wanavyofundishwa kuhesabu wazee wao, mpaka pumzi ikamwisha. Darasa likapiga makofi. Mwalimu mkuu akaja mbio naye akapiga makofi. Mimi nililia kwa furaha, nikijua karanga zangu zimefanya kazi.

Mchana nikamfuata bibi kumpa habari njema. Nilimkuta ameketi chini, wanawake wenzake wamemzunguka. Akaniambia kwa Kiswahili chake kidogo:

"Mwalimu, mimi nilimwambia, jina ya baba usitaje mbele ya watu ya serikali. Watamtafuta. Kwetu mtu hana jina bila baba. Mtoto akaona, afadhali afunge mdomo yote."

Akavuta shuka yake usoni.

"Jana habari imekuja. Sasa hawawezi kumfanya kitu tena. Nimemwambia, taja."

Mwanangu, tulikuwa tumempigia makofi.

Nyumbani Halima alikuwa akizungumza siku zote, akimwimbia bibi yake na kugombana na mbuzi mmoja waliyebakiwa naye. Si bubu, wala hakushindwa. Alikuwa akimlinda baba yake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, huku akijua uji wake uko hatarini. Na mimi, mwenye cheti, sikuwahi kujiuliza mtoto yule alikuwa anamwogopa nani. Alikuwa ananiogopa mimi.

Kitabu chako kisome, sikukatazi, kina mambo ya kweli. Lakini ukikutana na mtoto aliyenyamaza, usianze na damu yake wala ndoto zake. Jiangalie kwanza wewe unayeuliza: umetumwa na nani, na jibu lake utalipeleka wapi. Kaa naye mpaka akuamini, na asipokuamini, mpe uji wake hivyo hivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mkono mwepesi kwa watoto wa watu, na asikupe kamwe furaha inayotoka katika msiba wa mtoto.