Farasi wa Pembe Moja Hakuambiwa Ahame

Harufu ya mpingo ukisuguliwa kwa msasa hunipandisha hasira mpaka leo. Baba yangu, Mmakonde wa Newala, alikuwa akichonga vinyago vya mashetani uani kwetu Temeke, katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja na majirani wa kila kabila. Aliwachonga wale aliosimuliwa na babu yake, hasa shetani wa mtoni, mwenye tumbo kubwa na kicheko cha kuwakejeli wachota maji. Mimi Somoe, bintiye, niliwapaka dawa ya viatu wang'ae, na kwa kweli niliwapenda.

Masika yale mtoto wa Mama Neema, mwalimu kutoka bara aliyepanga chumba cha mbele, akashikwa na homa. Mtaro wa nyuma ya choo ulifurika, mbu wakiimba mchana kweupe, lakini nani alijisumbua kuutazama? Mama Neema akawashuku mashetani, akamwita mwenye nyumba.

"Mzee Sefu, mie nimechoka. Yale madude yanatutolea macho hata tukienda kuoga. Ama yatoke yenyewe, ama natoka mie!"

Mzee Sefu akamgeukia baba. "Baba Somoe, nisamehe ndugu yangu. Chonga kingine, au tafuta chumba kwingine."

Watoto tulikuwa wengi, tungekwenda wapi? Baba akawatia mashetani wake kwenye viroba, akawapeleka Pugu kwa mjomba, ambako mke wa mjomba, naye kwa woga wake, aliwatia motoni.

Muda si mrefu mfanyabiashara wa vinyago akaleta picha ya farasi mwenye pembe moja kipajini, mnyama wa ngano za Ulaya. Baba akamchonga shingo upande. Ebo! Majirani wakampapasa kama mtoto mchanga.

"Huyu sasa ndo mzuri," alisema Mama Neema. "Mweke mlangoni, wageni wamwone."

Mtoto wake akapata homa tena, kali kuliko ile ya kwanza, na hakuna aliyemshuku farasi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa.

Leo ninaishi Kawe, nyumba ni yangu, hakuna wa kuniamuru. Binti yangu ana farasi yuleyule kwenye begi, kwenye soksi, hata kwenye keki. Juzi nikampelekea baba gogo la mpingo, nikamwomba anichongee yule wa mtoni. Akaligeuza huku na huku, akalipiga tezo mara moja, akaliweka chini.

"Farasi nakuchongea hata nikifumba macho, mama," alisema. "Huyo mwingine, sura yake imenitoka."