Madirisha ya Gari la Moshi la Bububu

Kisiwa chetu cha Unguja hakina hata pima moja ya reli, na bado kilikuwa na jarida la mtandaoni la treni ndogo, zile za kuchonga na kuendesha juu ya meza. Watu wakiambiwa hucheka. Mimi mwenyewe siku niliyoitwa nikafanye kazi humo nilicheka mpaka mbavu zikataka kutoka nje kuangalia kuna nini.

Mwenye jarida alikuwa rafiki yangu wa Michenzani. Alikuwa na duka la kompyuta nne pale Vuga, mbili zikifanya kazi na mbili zikivuliwa vipuri. Binamu yake wa Ulaya alimletea seti ya treni ya umeme iliyokwisha chezewa na watoto wake, na tangu siku hiyo hakuwa mzima. Aliijengea reli juu ya mlango mkuukuu aliouweka juu ya mapipa, akaipiga picha, akafungua ukurasa kwenye mtandao na kuuita jarida. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, cheti changu mama amekitundika ukutani kwetu Jang'ombe, juu zaidi ya saa, na kwa maoni yangu Kiingereza changu kilitosha kuendesha Uingereza nzima wakubwa wao wakiugua kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa barua za wasomaji: kuzisoma, kuzijibu, na kuzitafsiri.

Mwanzoni wasomaji walikuwa wachache hata tukijua maradhi yao. Mmoja wa nchi za baridi alikuwa haandiki wiki ambayo goti linamuuma, na wiki hiyo jarida zima lilikuwa kama limefiwa.

Lililotukuza ni gari la moshi la mzee mmoja wa Mkunazini.

Mzee huyu alikuwa fundi wa masanduku na madirisha. Wazee wake walikuwa Waarabu wenye shamba Bububu, shamba ambalo lilikuwa limeshaacha kuwa lao miaka mingi. Zamani kulikuwa na gari la moshi likitoka mjini mpaka Bububu, likipita Mtoni, na reli zake ziling'olewa kabla yeye hajazaliwa. Babake alilipanda alipokuwa mtoto, akamhadithia mwanawe mpaka siku ya kufa. Picha hawakuwa nayo. Kwa maneno hayo tu ya babake, mzee alichonga kichwa cha treni kwa mninga na mikebe ya maziwa, akaongeza mabehewa matatu. Kila behewa lilikuwa na safu ya madirisha, na kila dirisha na vibao vyake viwili vya kufungua na kufunga, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Nasema kweli, na nikisema kweli mimi ni siku ya kuandikwa: nilivifungua kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja, na hakuna kilichokwama.

Alikubali tulipige picha kwa sharti moja. Alikuwa na maradhi ya macho, na hospitali walikwisha mwambia kuwa lililopotea halirudi, na lililobaki litafuata.

"Waonyesheni watu," alisema. "Lakini mie sitaki sifa. Nnataka mtu alolipanda, au ambaye babake kalipanda, anambie wapi nlipokosea. Nna muda mchache wa kuona. Nnataka nilirekebishe kabla."

Tukazitoa picha. Barua zikaja kwa wingi hata rafiki yangu akaanza kuvaa saa. Watu wa nchi ambazo mimi nilizijua kwa stempu tu waliandika juu ya yale madirisha. Kijidude cha kuhesabu wasomaji chini ya ukurasa, ambacho zamani kilikuwa kikisogea mimi na mwenzangu tukifungua jarida letu wenyewe, sasa kilikuwa kikisogea tukiwa tumelala.

Kila siku baada ya alasiri nilikwenda Mkunazini na makaratasi yangu, nikakaa barazani kwake, nikamsomea kwa Kiswahili. Barua za kwanza zilikuwa za sifa, nami nikazipamba kidogo. Barua ya mistari minne ilitoka kinywani mwangu ikiwa hotuba ya harusi. Kisha ikaja moja iliyosema bomba la moshi limezidi urefu. Nikaitazama, nikamtazama mzee, nikasema, "Huyu anasema bomba lako limemshangaza, ami."

Mimi nimelelewa hivyo. Mtu wa rika la babako humwambii amekosea. Unamzungukia, unasema labda macho yako wewe ndiyo mabovu, mpaka afike mwenyewe. Na mimi kumzungukia mtu nilikujua kuliko kufika.

"Hakuna alokosoa?" aliniuliza kila siku.

"Hakuna, ami. Wamekosa pa kushika."

Akarudi kwenye msasa wake. Mimi nikaona ni furaha.

Siku chache kabla ya Ramadhani ikaja barua yenye picha. Mwandishi alikuwa mzee wa nchi ya mbali ambaye ami yake aliwahi kufanya kazi Unguja. Picha ilionyesha gari la moshi la Bububu lenyewe, limesimama kando ya njia, watu wamekaa ndani. Mabehewa hayakuwa na kuta. Yalikuwa na nguzo, paa na mabenchi tu. Hapakuwa na kitu cha kufungua wala kufunga. Barua ilikuwa ya adabu: kazi ni nzuri mno, ila mabehewa hayakuwa hivyo.

"Hii naitoa wiki hii hii," alisema rafiki yangu.

"Ngoja nimwambie mwenyewe kwanza."

"Basi mwambie leo."

"Nshasema ntamwambia."

Nikaenda. Mzee alinitilia kahawa, akanionyesha behewa la nne ambalo alikwisha lianza. Alikuwa amelisogeza karibu na uso kiasi kwamba vumbi la msasa lilikuwa kwenye nyusi zake. Madirisha sita yalikuwa tayari.

"Leo umekuja na nini?" akauliza.

"Salamu, ami. Yuko mzee mwenzako wa ng'ambo. Anasema kazi yako nzuri mno."

"Basi?"

"Basi."

Ramadhani ikapita, Idi ikapita, mvua za masika zikanyesha na kukatika. Kila wiki rafiki yangu aliniuliza, na kila wiki nilikuwa na sababu mpya, nyingine nzuri hata mimi mwenyewe nikazipenda. Mwishowe akachoka. Akaitoa barua pamoja na picha bila kuniambia. Wasomaji wakafurika. Wengine walimtetea mzee, wengine walimtetea mwenye picha, na kijidude chetu kikawa kinakwenda mbio kama mita ya teksi. Sitaficha: siku mbili za kwanza nilifurahi. Nilitembea Vuga kama mtu aliyegundua mafuta.

Siku ya tatu mzee akatuma niitwe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa."

Bintiye, mwanamke wa makamo yangu anayefanya kazi ofisini, alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Aliichapisha ile barua na picha yake kazini kwao, akaja akamsomea babake.

"Barua hii imefika lini?" mzee akauliza.

"Kabla ya Ramadhani."

"Na sasa tuko Mfunguo Sita. Mwezi wa sita huu toka Ramadhani."

"Naam."

"Ramadhani nlikuwa nnaona mstari wa penseli. Mfunguo Mosi nliuona bado, nikisogea dirishani. Sasa nnaona kuwa wewe upo hapo. Basi."

Bintiye akasema, "Ungemwambia tu. Babangu si mtoto."

"Nilimstahi, dada."

"Ulimstahi nani? Ulijistahi mwenyewe, usije ukakaa hapa akakununia."



Mzee akaichukua karatasi, akaileta mpaka puani, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Kisha akanipa mimi.

"Nambie ilivyo. Usinipambie."

Nikamwambia. Nguzo tano upande unaoonekana. Paa la bapa. Watu wamekaa, mmoja kashika kikapu.

"Mabenchi yanatazama wapi? Mbele au kando?"

Nikatazama. Picha ilikuwa na ukungu pale pale. Ulimi wangu ukawa unataka kusema mbele, kwa kuwa mbele kulinielekea vizuri.

"Labda mbele, ami."

"Labda?"

"Haionekani."

"Basi sema haionekani."

Akaniambia nitoe kalamu. Akasema polepole, nami nikaandika: mabehewa niliyotengeneza si sahihi. Marehemu babangu aliniambia kuwa wakikaa humo kama nyumbani, nami nikatia madirisha ya nyumbani kwetu. Aliyosema mwenye picha ndiyo. Nikamwomba niongeze kuwa barua ilichelewa kwa ajili yangu mimi.

"Hayo yako," akasema. "Yaandike kwako."

Tukaitoa ilivyo. Barua zikaja nyingi kuliko wakati wowote wa jarida lile, lakini hakunipa tena kumsomea. Alitaka asomewe na rafiki yangu, ambaye alitafsiri Kiingereza kama mtu anayeshusha mifuko ya saruji, mmoja mmoja, akihema kati yake. Mzee alimsikiliza kwa utulivu. Kila palipotajwa kosa lake mwenyewe alisema, "Hebu rejea hapo." Mimi nilikaa ngazi ya chini ya baraza na daftari, kuandika majibu tu.

Behewa la nne lilibaki juu ya rafu ya karakana na madirisha yake sita. Siku moja nilimwona akijaribu kung'oa ukuta wake kwa patasi, kwa kupapasa. Patasi ikaingia kidoleni. Bintiye alimfunga kitambaa, na patasi zote akazitia ndani ya sanduku na kulifunga.

Msomaji mmoja aliandika kuuliza kama fundi atatengeneza mabehewa mapya, yaliyo sahihi. Alisema watu wengi wanangoja, na wao wako tayari kungoja hata miaka.

Rafiki yangu alipomaliza kusoma, mzee aligeuka upande wangu, si pale nilipokaa hasa, pembeni yake kidogo.

"Mjibu. Mwambie macho yamekwisha."

"Nimwandikie kuwa inshallah, ukipata nafuu..."

"Mwandikie macho yamekwisha."

Nikarudi Vuga, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika hivyo. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno machache tu, yaliyojibana katika pembe moja ya kioo, na chini yake pamebaki peupe pakubwa. Nilikaa na kidole juu ya kibonye, nikitafuta la kuongeza. Rafiki yangu akaja nyuma yangu, akasoma, akanyoosha mkono juu ya bega langu akabonyeza yeye.