Maji ya Mvua kwa Samaki wa Bwana Kosta

Mjomba wangu Ernesti alikuwa mwoga. Simvunjii heshima kwa kusema hivyo, maana hata yeye alikiri: kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, na bahari aliiogopa kuliko vyote. Alikuwa Mshambaa wa Gare milimani, Mkatoliki, aliyeshuka pwani kutafuta kazi, na mwaka wa hamsini na nne alikuwa boi katika nyumba ya Bwana Kosta, Mgiriki aliyesimamia shamba la mkonge karibu na Kigombe.

Bwana Kosta alikuwa na sanduku la kioo sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Ndani aliweka mchanga, matumbawe yaliyo hai, dude moja lenye vidole laini lililojikunja na kujikunjua, na samaki sita wa rangi. Kimashine kidogo kilipuliza hewa mchana kutwa. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kutazama kabla hajapewa kiti. Mjomba alikifuta kioo kwa nje, basi. Ya ndani yalikuwa ya bwana mwenyewe.

Mwezi wa pili, jua la kaskazi likichoma, Bwana Kosta akaenda Nairobi kutibiwa meno, siku kumi na sita. Asubuhi ya kuondoka alimwonyesha mjomba mstari mwekundu aliouchora kwenye kioo.

"Maji yasishuke chini ya hapa. Maji ya bahari safi, unasikia? Ya bomba yatawaua. Nikirudi nikute wote sita. Nikikosa, tafuta pa kwenda."

Hakutania. Boi aliyemtangulia mjomba alifukuzwa asubuhi, na kufikia saa sita chumba chake kilikwishafagiliwa. Na safari hiyo chumba kile hakikuwa cha mjomba peke yake. Mkewe Benedikta alikuwa amejifungua wiki moja tu iliyopita, homa haijamwacha, na dresa aliyetibu wagonjwa wa shamba alisema asitikiswe, asipandishwe gari, asitoke kitandani. Kazi ikiisha, Benedikta na kichanga wangelala wapi? Mjomba alijiuliza swali hilo kila alipopita sebuleni, na alipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Maji yalishuka kidole kimoja kila siku. Kila asubuhi alibeba debe hadi ufukweni, akangoja maji yajae, akachota mbali na matope, akarudi kujaza mpaka mstari mwekundu. Pembeni mwa kioo palifanya ukoko mweupe. Aliuona kuwa uchafu, akaufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Bwana angesema nini kwa uzembe kama huo?

Siku ya saba lile dude lenye vidole lilijikunja na halikujikunjua tena. Siku ya nane samaki waliacha kula. Mjomba naye akaacha kula. Siku ya tisa alimkuta yule mdogo wa manjano amelala ubavu juu ya mchanga, mdomo wazi.

Nitawaambia alichofanya, mkipenda mcheke. Alimtoa, akampaka chumvi, akamkausha juani na kumweka ndani ya kibiriti. Aliogopa bwana atadhani amemla. Mimi nilicheka aliponisimulia mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka.

"Wamebaki watano," alimwambia Benedikta.

"Basi tuondoke mapema, tusingoje kufukuzwa," alisema Benedikta. Alijaribu kuinuka akashindwa, akarudisha kichwa kwenye mto, jasho likimtoka.

Asubuhi ya siku ya kumi, akiwa ufukweni na debe lake, alimkuta Bibi Mwatumu akikusanya kuni. Alikuwa mwanamke wa Kigombe aliyepika chumvi tangu ujana wake, na kila mtu alijua kwamba ulimi wake haukubakiza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wachota bahari kila siku? Wataka kuihamisha?"

Akamweleza yote, hata habari ya kibiriti. Bibi Mwatumu alimsikiliza, akaweka kuni chini.

"Hapo pembeni mwa kioo, hapana weupe?"

"Upo. Naufuta kila siku."

"Nenda kaniletee hayo maji ya ndani. Kikombe kimoja, chanitosha."

Akakimbia, akarudi na kikombe. Bibi akatia kidole, akaonja, akatema.

"Haya hayakosi kitu ila kuni, yawe chumvi. Ningeyapata kila siku ningepumzika. Mwanangu, jua lanywa maji, halinywi chumvi. Maji yakipanda yaiacha chumvi mumo humo, nawe waongeza nyingine juu yake. Hukuonja?"

Hakuonja. Kwa mtu wa Gare maji ya bahari yote ni machungu, ya nini kuyaonja?

"Tia ya mvua," bibi akasema. "Chota kata kumi za haya umwage, tia kata kumi za mvua. Asubuhi na jioni. Usiwamwagie mara moja, utawaua. Yakifika chumvi ya bahari, uache. Kisha yakishuka, ongeza ya mvua tu."

Sasa hapo ndipo mjomba aliponaswa. Bwana alisema maji ya bahari. Akitii, samaki watakufa. Akiasi na samaki wakafa, amewaua yeye. Alisimama mbele ya pipa la mvua za vuli na kata mkononi, akasali Salamu Maria tatu, akachota. Kila alipomwaga alifumba macho.

Akajifunza kuonja. Aliionja bahari, akaonja sanduku, akaionja tena bahari. Siku ya kumi na tatu samaki mmoja alinyakua chakula. Siku ya kumi na tano lile dude lilinyoosha vidole viwili, kisha vyote. Mjomba alikaa sakafuni akalia.

Siku ya kumi na sita gari likaingia. Mjomba alitoka na kibiriti mkononi, tayari kuungama. Bwana Kosta alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akawahesabu samaki.

"Watano wazima," alisema. "Nilikumbuka nikiwa Korogwe kwamba sikukwambia habari ya maji ya mvua. Nikajua utawaua wote."

Korogwe ni safari ya siku ya kwanza. Posta ipo, na simu ya maandishi hupelekwa; yeye hakupeleka.

Mjomba alitaka kujibu, ndipo akaona kwamba mtu mwingine ameshuka garini. Alikuwa kijana aitwaye Manase, amesimama mlangoni na sanduku lake la bati kichwani, hajui miguu yake aiweke wapi. Bwana alimwajiri huko huko Nairobi, ashike nafasi ya mjomba.

"Huyu atarudi kesho," Bwana Kosta alisema. "Mpe chai."

Mjomba alimpa chai. Manase alikunywa akiwa amesimama, macho kwenye mlango wa bwana, na mjomba aliujua woga ule. Akamwambia asirudi Nairobi, kisha akaenda kumwarifu bwana kwamba kazi anamwachia Manase. Benedikta alipopata nguvu ya kukaa garini, Ernesti aliaga kazi, akampeleka mkewe na mtoto Maramba kulima. Kabla ya kuondoka alimsimamisha Manase mbele ya kioo, akamtia kata mkononi, akamwambia aonje.