Bolti ya Mwisho ni ya Mzee

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiyependa usafi heri afunge duka. Nalisema hilo mapema ili unielewe ninapokwambia kwamba gari la mke wangu lilinitia kinyaa tangu siku lilipovutwa kwa kamba kuingia uani kwetu.

Oili ilifika kwenye taulo zangu, kwenye kitasa cha bafu, hadi kwenye mto ninaolalia. Asubuhi moja nilifungua friza nikakuta vyuma vimelala kando ya nyama, eti vikipoa vinasinyaa na kuingia mahali pake bila taabu. Nilimuuliza mke wangu kama na mimi niingie humo nisinyae, nisimpe shida. Akacheka, akachukua chuma chake, akaenda zake.

Mtaani wanamwita Mama Spana. Alikulia kwenye gereji ya baba yake, na mpaka leo hajui kula akiwa amekaa. Ile gari ndogo kuukuu aliifungua yote, yeye na kaka yake, pamoja na rafiki yao mmoja ambaye ni mpaka rangi wa magari, mtu wa kelele nyingi na kazi kidogo. Wakaifungia turbo iliyotoka kwenye pikapu iliyokufa. Turbo ni kidude kilichojikunja kama konokono: moshi wa injini unakizungusha, nacho kinasukumia injini hewa zaidi. Kinapata moto mpaka kinakuwa chekundu, na kinalainishwa na oili inayopita kwenye kibomba chembamba. Kibomba hicho kikilegea, oili inamwagikia chuma chekundu, na dereva yuko hatua chache nyuma yake. Hapo huhitaji fundi akueleze.

Sasa sikia upuuzi wa wakwe zangu. Kwenye gereji ile, kazi yoyote ikiisha, bolti ya mwisho anaikaza Baba mkwe. Wanaiacha makusudi. Mzee anatoa spana yake mwenyewe, aliyoizungushia kitambaa, anainama, anakaza, wote wanasema, "Mkono wa Mzee huo!" Baada yake haruhusiwi mtu kugusa.

Mkono wenyewe umekwisha. Unatetemeka hata akishika kikombe, kila mtu anaona, na kila mtu amejitia upofu. Mzee akimaliza huenda bombani nyuma ya gereji kunawa, naye ana mambo yake na sabuni, anakawia. Akishapotea tu, mke wangu anachukua spana nyingine na kuikaza bolti ile ile upya. Watu wazima wanachezeana mchezo wa kitoto juu ya breki na injini za watu!

"Mwambie," nilimwambia mke wangu.

"Wewe kanyoe vichwa," akanijibu. "Huyo ni baba yangu."

Siku ya mashindano tulikwenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambao nyasi zimeota kwenye nyufa za lami yake. Magari yanasimama mawili mawili, taa ikiwaka kijani yanafyatuka kwenda mstari mnyoofu, na mchezo umekwisha kabla hujameza mate. Kulikuwa na vumbi, moshi, na vijana wanaotema mate popote. Nilisimama katikati ya uchafu ule na taulo langu safi begani, nikijuta kuzaliwa.

Walipowasha gari kulijaribu, tone la oili likaonekana kwenye kile kibomba cha turbo. Mke wangu akafungua, akabadilisha washa, kile kipete cha kuzuia oili isivuje, akarudisha bolti yake kwa vidole tu. Kisha akasogea pembeni. Nikajua kinachofuata.

Mzee akaja na spana yake. Akainama, akakaza. Mpaka rangi akapiga makofi. "Mkono wa Mzee huo!"

Sote tukasubiri aende kunawa. Lakini hapakuwa na bomba uwanjani, na maji ya dumu shemeji alikuwa ameyamalizia kwenye rejeta. Mzee akatazama huku na huku, akanyoosha mkono begani kwangu, akalichukua taulo langu, akajifutia grisi yake yote humo. Halafu akavuta kiti akaketi kando ya gari, magoti yanagusa bampa.

Mke wangu alivaa helmeti taratibu. Akaivua. Akaivaa tena. Alikuwa akimtazama baba yake, naye baba yake akimtazama yeye, na hakuna aliyesogea.

Nikafungua mdomo. "Baba..."

Mke wangu akanikata jicho ambalo sijawahi kuliona. Akafunga boneti, akaingia, akaondoka.

Gari ilitoka vizuri, siwezi kukataa. Ilimpita mwenzake kabla ya nusu ya njia. Kisha moshi mweupe ukafumuka chini ya boneti, ukageuka mweusi, na moto ukapanda kwenye kioo. Nilikimbia na sandali moja. Mke wangu alijirusha nje gari ikiwa bado inasota, nyusi zimeungua, mkono wa kulia umebabuka. Watu wa uwanja waliuzima moto kwa mitungi yao.

Baba mkwe alifika akihema. Alilitazama gari, hakumtazama mtoto wake. Akauliza, "Nani aliigusa bolti yangu baada yangu?"

Shemeji akakodolea macho viatu vyake.

"Mimi, Baba," mke wangu akasema. "Nisamehe."

Mtu ameungua, bolti hakuigusa, na bado anaomba msamaha!

Baada ya kufungwa bandeji, niliwarudisha nyumbani kwenye gari langu. Mzee mbele, mke wangu nyuma, amefumba macho. Halafu Mzee akaniuliza polepole, "Mwanangu, leo mbona mkeo hakukaza?"

"Kukaza nini, Baba?"

"Bolti. Siku zote nikienda kunawa, anakaza tena. Nasikia spana. Leo nilikaa namngoja, hakuja."

Nilisimamisha gari pembeni. "Ulijua! Ukamwacha aondoke!"

"Ningesemaje, mbele ya watu wote wale?"

"Nilijua kwamba unajua, Baba," sauti ikatoka nyuma. Hakuwa amelala. "Nilikuwa nangoja uniambie kaza."

Mzee hakugeuka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa spana yake na kitambaa chake, akaipitisha nyuma katikati ya viti. Ilitetemeka pale hewani, ikinuka oili iliyoungua.

Mke wangu aliitazama. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye bandeji, na ule mzima hakuunyanyua.