Vitunguu vya Maua Chini ya Kiyoyozi

Sisi tuliokulia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni, miaka ya elfu mbili tunaijua kazi ya ndoo. Kiyoyozi kilidondosha maji mchana kutwa, na mtoto aliyeacha ndoo ifurike alikiona. Maji hayo yalikuwa ya kudeki. Ole wako uyamwage kwenye vitunguu vya maua vya mama, si vya kula bali vya kuchipua maua, alivyoviokota vilipotupwa bustanini kwa tajiri wake, akavipanda kando ya ukuta wetu.

"Wakati wa joto vinalala," alisema. "Ukivinywesha vinaoza."

Majani yalikauka, udongo ukapasuka, nasi tukaruka kamba pembeni huku harufu ya samaki wa jirani ikitutesa. Joto likivunjika, mama alivimwagia kopo la kwanza la maji. Siku chache tu, maua meupe yakachomoza yote kwa pamoja.

Baba alikuwa ameshatutoka. Mama naye alifariki katikati ya joto. Matanga hayajaanuliwa, mjomba akasimama mbele ya wageni na kutugawa: mdogo wangu Salma aende Tanga kwa shangazi, mdogo wetu Juma apelekwe Mombasa, mimi mkubwa nibaki nitafute kazi. Kisha akanigeukia, akaisogeza ndoo kwa mguu, matone yakaangukia udongo mkavu.

"Wewe utalea watu? Hata maua ya mama yako umeyaua kwa kiu."

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Miaka yote ile alikuja kula pilau pale pale ukutani, hakuuliza hata siku moja kwa nini hatuvinyweshi. Nilirudisha ndoo mahali pake, wote wakitazama.

"Mjomba, hawa hawaendi popote."

Shule nikaiacha, nikaingia hotelini kutandika vitanda. Joto lilipovunjika nikamwaga kopo. Maua yalipotoka, dirishani tulikuwa watatu.

Harusi ya Salma, mjomba alishika kipaza sauti akatangaza kuwa yeye ndiye aliyetulea. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikunja mikono.

Vijana wa siku hizi wananunua maua yaliyokwisha kufunguka na kutandaza nyasi za plastiki. Juma mwenyewe, ana fleti yake Al Thumama, alinipigia simu juzi, katikati ya joto: "Dada, vile vitunguu ulivyonipa vimekufa. Nivitupe?"

"Vitupe, nije nikutupe wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Zamani tulilala watatu chumba kimoja, kiyoyozi kimoja kikikoroma, na kila mmoja alijua kinachosubiriwa pale ukutani. Leo kila mmoja ana kiyoyozi chake, maji yanapotelea ndani ya bomba, na hakuna anayeitwa kwenda kuitazama ndoo.