Bahasha ya Mtaa wa Mbele

Sanduku la posta la Polycarp lilikuwa la watu wote wa Masasi tuliokuwa Kariakoo. Alikuwa karani wa bohari, amepanga chumba cha mwisho kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi Mtaa wa Mchikichi, nasi tusio na sanduku tuliwaambia wa nyumbani waandike kupitia kwake. Jumamosi alipita Posta. Jumapili, siku yake ya mapumziko, alipanda baiskeli na kutugawia barua mlango kwa mlango. Mkewe alikuwa amerudi kusini zamani. Chumbani kwake palikuwa na kiti kimoja.

Telegramu ya msiba hakumkabidhi mtu mlangoni. Aliificha mfukoni, akaja mikono mitupu, akasema, "Nimepita tu kuwasalimu," akangoja mfiwa aketi. Ndipo alipoitoa. Wengi tulimshukuru kwa hilo.

Baadaye, mmoja mmoja, tulianza kutumia masanduku ya kazini, na wengine walirudi nyumbani kulima. Kufikia mwaka wa themanini na mbili sanduku lake lilikuwa tupu wiki hadi wiki. Barua yake mwenyewe sikupata kuiona.

Jumapili moja akatoka na baiskeli bila barua hata moja. Saa nane ilikuwa imepita, na kuanzia saa hiyo kila Jumapili magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani ili kuokoa petroli, na katikati ya mji lami yote ilikuwa yake. Miaka kumi na minane alikuwa akitazama namba za milango tu. Siku hiyo akatazama juu. Juu ya maduka yaliyofungwa aliona majina ya watu na miaka, vimechongwa kwenye saruji. Karibu na Posta, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, alisimama jogoo mweupe, kafungwa kamba mguuni, anaikagua barabara kama mwenye jengo. Polycarp akacheka peke yake. Akageuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu.

Akashuka hadi Kivukoni, akatazama paka wakilamba meza za samaki, lakini yule jogoo hakumtoka kichwani. Alitaka kumsimulia mtu. Basi akakata kona kurudi Kariakoo, kwa Sitara wa Mtaa wa Sikukuu, ambaye hakuwa amemwona tangu mumewe, Shaibu, apate sanduku bandarini.

Sitara alikuwa barazani anachambua mchele. Alimwona anaegemeza baiskeli, akamtazama mikono. Ungo ukaanguka.

"Kaka Polycarp, barua iko wapi?"

"Leo sina, dada. Nimepita tu kuwasalimu."

"Mama yangu! Mama yangu mie!"

Kabla Polycarp hajasema la pili, majirani walikuwa wamejaa, mmoja anamfunga Sitara kanga kiunoni, mwingine anatandika mkeka. Kadiri Polycarp alivyoapa kwamba hakuna aliyekufa, ndivyo walivyomwambia, "Sema tu, baba, tumeshaelewa." Shaibu alitoka ndani na taulo, akamshika bega.

"Shemeji, niambie mimi. Ni mama mkwe?"

"Wallahi, mama mkwe mzima! Mimi Mkristo nakuapia wallahi!"

Hapo ndipo walipoamini. Shaibu akakaa chini, akacheka hadi machozi. "Shemeji, umetaka kuniulia mke! Mtu gani anakuja bure bure?"

Sitara hakucheka. Alikuwa anaokota mchele mchangani, punje kwa punje. Polycarp akainama kumsaidia, kisha akaaga. Habari za jogoo hakuzitaja. Alinisimulia mimi jioni ile, aliponikuta uani nafua, akiwa bado ameishika baiskeli.

Jumapili iliyofuata nilimwona anatoka na bahasha, imechomoza mfukoni mwa shati. Nilifurahi, nikadhani ameandikiwa. Sitara ndiye aliyeniambia: alifika kwao, wakaiona bahasha, wakatulia.

"Ya nani hiyo, kaka?"

"Ya mtaa wa mbele."

"Basi itasubiri. Kunywa chai."

Huko mtaa wa mbele nako alisema hivyo hivyo, na huko mbele zaidi.

Kufikia mwezi wa pili wa ziara hizo bahasha ilianza kuchanika pembeni. Wakati ule bahasha hazikupatikana ovyo madukani. Mimi nilikuwa nazo chache za shuleni nilikofanya kazi. Nikampa moja, sikumwuliza kitu, naye akaitia mfukoni hivyo hivyo tupu, bila kuandika jina.