Asubuhi Moja ya Ubaoni

Mke wangu anafundisha hesabu chuo kikuu, na mimi ni fundi cherehani. Watu wakisikia hivyo huuliza tulikutana wapi. Alileta sketi ipunguzwe kiuno, basi, hesabu haikuhusika. Nyumbani humwita Mwalimu, kama wanafunzi wake, na yeye huniita Fundi, na mambo yanakwenda.

Kazi yake ni mafundo. Sifanyi mzaha. Anachora kamba iliyojisokota, ncha zake zimeunganishwa, kisha anatafuta kujua kama fundo hili na lile ni fundo moja lenye sura mbili. Siku moja nilimwambia, fundo likikushinda, kata uzi uanze upya. Alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, sisi haturuhusiwi kukata," akasema. Hapo ndipo elimu yangu ya hesabu za juu ilipoishia.

Shida ni kwamba idarani kwake hakuna mwingine wa mafundo. Wenzake ni watu wema, wa takwimu, wa bima, wa kukadiria magonjwa yanavyoenea. Wanakunywa naye chai, lakini akianza habari zake wanatikisa kichwa kwa adabu, kama ninavyofanya mimi. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi na nimemwona akitamani vitu vichache sana. Hakutamani gari wala dhahabu. Alitamani mtu wa kuzungumza naye, na mtu huyo si mimi. Jambo hilo liliniuma, sitasema uongo.

Mtu huyo alikuwepo, ila ng'ambo. Chuo chetu kina ushirikiano na chuo kimoja cha huko wa kukuza masomo ya hesabu, na kila mwaka anakuja Profesa, mama mwenye mvi anayetembea kama kachelewa, anakaa wiki mbili. Huyo mafundo anayajua. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Alipokaribia kuja, Mwalimu aliimba jikoni. Alipoondoka, chai ilitoka bila sukari wiki nzima. Waliwahi kujaribu kuongea kwa kompyuta, lakini mtandao ulikatika kila kamba ilipofika pazuri.

Na hata akija, hawaongei! Hapo ndipo ninapotaka kupiga meza. Sisi tunajua kupokea wageni mpaka tunapitiliza. Mkuu wa Idara, mtu muungwana kabisa, humpangia Profesa ratiba iliyojaa pomoni: kumsalimia makamu mkuu wa chuo, picha ya pamoja ngazini, kukagua jengo jipya ambalo bado halina milango, hotuba, chakula cha mchana, na hotuba ya kushukuru kwa chakula cha mchana. Kila mwaka wiki mbili ziliisha wawili hao wakiwa wameketi meza moja, wakimsikiliza mtu mwingine.

Mwaka huu mkataba wa ushirikiano ulikuwa unafika ukingoni, na hakuna aliyejua kama utatiwa saini tena. Mwalimu, ambaye si mtu wa kuomba, alikwenda kuomba.

"Mkuu, nipe asubuhi moja," alimwambia. "Mimi na yeye na ubao."

Mkuu alikuna kichwa, akafuta ziara ya maktaba, akampa Alhamisi.

Alhamisi hiyo aliondoka mbio mbio hata akasahau miwani. Nikafunga kibanda changu, nikamfuata nayo. Nilipofungua mlango wa chumba cha semina nilidhani nitamkuta kasimama ubaoni. Wapi! Alikuwa ameketi mstari wa mbele karibu na Profesa, na mwenye chaki alikuwa binti mmoja, mwanafunzi wa mke wangu wa shahada ya pili. Wenzake wanamwita Kimya, kwa sababu hafungui mdomo. Mwalimu alikuwa amemwalika aje kusikiliza tu.

"Imekuwaje?" nilinong'ona nikimpa miwani.

"Nilikwama," akasema bila kunitazama. "Nimechora pale, nikakwama, yeye akanyoosha mkono kule nyuma. Akasema hebu tuligeuze. Kaa, Fundi, kaa uone."

Nikakaa. Binti alichora, akafuta, akachora tena. Profesa akauliza kwa Kiingereza chake cha haraka, binti akajibu kwa sauti kubwa hata mwenyewe akashtuka. Mwalimu akadakia kutoka kitini, wakabishana wote watatu, wakacheka kwa jambo ambalo mimi sikuliona. Asubuhi ile ilikuwa ya mke wangu, kaiomba kwa mdomo wake, na alikuwa na haki ya kuidai chaki. Nilimwona akitaka kuinuka, akakaa. Akataka tena, akakaa. Lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisababisha mimi.

Ilipofika saa sita Profesa akasema neno lililotulia kama jiwe mezani. Katika mkataba ilikuwa imebaki nafasi moja ya kusomea uzamivu, huko kwao. Alimtaka binti huyu, kama msimamizi wake atakubali. Msimamizi ni mke wangu. Wote wakamgeukia.

"Aende," alisema.

Kimya hakurukaruka kama nilivyotarajia. Alisimama pale, vumbi la chaki limempanda hadi viwikoni.

"Mwalimu, si ndiyo kwanza tumeanza kuongea leo?" alisema. "Miaka minne ni mingi. Nitakwenda, ila niahidi nikirudi nitakukuta hapa, tukae ubaoni kutwa."

"Nenda, mwanangu. Ukirudi tutakaa."

Nikageuka kumtazama. Mwalimu anastaafu mwakani. Nyumba tunayokaa ni ya chuo, na kwetu tutakakohamia ni safari ya siku mbili kwa basi. Na huyu ni mwanamke ambaye muuza nyanya akikosea kujumlisha, hata kama kosa ni la faida yetu, lazima amsahihishe.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimuuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Ningemwambia, asingekwenda," alisema. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaendelea kuifuta. "Na mimi nilitamani asiende, Fundi. Nilitamani sana."